Nusu ya Sentensi Iliyotangulia Buna

Asubuhi ile nilisali, nikanywa chai, nikavaa viatu vya safari badala ya kandambili. Mke wa mwanangu akaniuliza naenda wapi. Nikamjibu, "Barabarani." Akacheka, akidhani natania. Nilichukua shuka moja, kofia, vidonge vyangu vya presha na mswaki wa mti, nikatoka nyumbani kwetu Galbet, mjini Garissa, kabla jua halijakaza. Sikuwa nimetafuta gari. Sikuwa na siku ya kurudi wala mtu wa kunipokea. Nilijua jina la mji tu, Buna, na katika miaka yote niliyozurura kaskazini hii sikuwahi kufika huko.

Sababu niliipata siku moja kabla, kwenye soko la mifugo. Huwa naenda pale bila haja yoyote. Napenda kuona wanunuzi wakishikana mikono chini ya shuka, wakipatana kwa vidole ili jirani asione. Siku hiyo nikakaa na mfanyabiashara wa ngamia aitwaye Ibrahim, mtu wa Buna. Tulisalimiana kama inavyopasa: mvua, malisho, maji, njia, afya ya watu. Kwetu habari haidondolewi. Unamwachia mtu aitoe yote, kuanzia alikotoka hadi alipoketi.

Alipofika kwenye habari za watu akasema, "Dahabo na Alio bado hawali pamoja."

"Dahabo gani?"

"Yule ambaye ngamia wa mwanawe aliuawa na dawa. Alio ni kaka yake, ndiye aliyemdunga. Tangu siku hiyo Dahabo hajakanyaga boma la Alio. Juzi mwanawe ameoa, na mjomba hakuitwa."

Alilisema hilo kama mtu anavyosema mwaka huu nyasi ni haba, kisha akaendelea na habari nyingine. Hakujua anaongea na nani. Mimi sikusikia tena neno hata moja. Nilijua zamani kwamba ngamia yule alikufa. Sikujua kwamba Alio alibebeshwa lawama ambayo ilikuwa yangu.

Vijana, nawaandikia nyinyi mnaofanya sasa kazi niliyoiacha. Nilikuwa mkalimani. Wasomali wakiniita turjubaan, na jina hilo likameza lile nililopewa na baba. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga. Miguu ilikuwa inawasha. Mimi ni mtoto wa mtoni, na lugha yetu ya nyumbani ni jamaa ya Kiborana. Kisomali nilikipata mitaani. Kiswahili nilikipata shuleni na kwenye malori. Kiingereza nilikiokota kwenye makaratasi ya dawa, redio, na kamusi iliyopoteza jalada pamoja na herufi A yote. Mpaka leo maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa A yananipa wasiwasi.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandamana na madaktari wa mifugo. Daktari anatoka Machakos au Nyeri, anashuka kwenye gari lenye vumbi, mbele yake wamesimama watu mia wenye mifugo wagonjwa, na kati yake na wao hakuna daraja ila ulimi wangu. Ulimi wa mtu wa darasa la sita. Nilipenda kazi hiyo kuliko chakula.

Neno lililonitesa kuliko yote ni moja dogo: harmless. Kamusi yangu ilisema ni kitu kisichodhuru, na haikukosea. Nanyi mkiliuliza simu zenu zitawaambia hivyo hivyo. Shida ni kwamba Mwingereza anaweza kulisema neno hilo likasimama peke yake, kama kigingi mahali pasipo na hema. Mfugaji halipokei hivyo. Ukimwambia kitu hakidhuru, atakuuliza: hakimdhuru nani? Kikiwa kiasi gani? Na ana swali la tatu ambalo analificha kwa adabu: kama hakidhuru, kinafaa nini?

Hili la tatu nilifundishwa na bibi mmoja karibu na Habaswein, mwaka wangu wa kwanza. Tulikwenda kuchanja mbuzi. Daktari akasema chanjo ni harmless, nami nikalipeleka neno kama nilivyopewa. Bibi akanisogelea.

"Turjubaan, hiyo sindano haina madhara?"

"Haina, eeddo." Ndivyo Wasomali wanavyomwita shangazi, na kila mwanamke mzima unayemheshimu.

"Mbuzi hatashikwa na homa?"

"Hatashikwa."

"Hata kuvimba?"

"Hata kidogo."

"Basi rudini na maji yenu. Hata chumvi ina ukali wake." Akawageuza mbuzi wake, na wenzake wote wakamfuata.

Aliyeniokoa ni mwalimu wangu wa kazi, Shukri. Alikuwa mkalimani wa ofisi za serikali tangu ujana, mrefu, mwembamba, hatoi mswaki mdomoni hata akiongea na wakubwa. Akamkimbilia yule bibi huku ameshika kikoi kisianguke. "Eeddo, msamehe huyu, bado hajui kusema. Sindano hii ni kali! Mbuzi atakataa majani siku moja. Hapa shingoni patavimba kama tende. Ugonjwa ukiuona ukali huo hautarudi." Bibi akamwangalia, akaniangalia mimi, akapiga mluzi. Mbuzi wakarudi. Na kila alichosema Shukri kilikuwa kweli. Daktari mwenyewe alikuwa ameyataja hayo kwenye gari. Mimi ndiye niliyeyaona madogo nikayaacha njiani.

Lishikeni hilo, wanangu. Ukitaka mtu aamini kwamba kitu hakitamdhuru, anza kwa kumwonyesha meno ya kitu hicho.

Mara nyingine alikuja mtaalamu wa nyoka, akamshika mmoja mkononi mbele ya watu, akatangaza kwamba ni harmless. Nikafasiri. Mzee mmoja akasema, "Sawa. Na nyoka ameambiwa?" Nikamfasiria mtaalamu swali hilo, naye akacheka hadi nyoka akamponyoka. Mkutano uliishia hapo.

Halafu kuna namna wanavyolitumia kwa binadamu. Siku moja mlinzi alinizuia langoni kwenye ofisi ya mradi fulani mjini Garissa. Mkubwa wa mradi akapaza sauti kutoka barazani kwamba aniache nipite, mimi ni harmless. Niliingia kifua mbele. Jioni nikamsimulia Shukri kwamba mkubwa amenisifu mbele ya watu.

Shukri alicheka mpaka akashika ukuta. "Amekusifu! Amesema huna jino, ewe mtoto wa mtoni. Neno hilo wakimwambia mtu, ni mtu asiyehesabiwa. Mbwa kibogoyo. Mjomba mlevi anayelala kwenye arusi." Alipomaliza kucheka akaniwekea mkono begani. "Na tena amekosea. Hakuna mtu wa kuogopwa kama mkalimani. Ukikohoa tu katikati ya sentensi, watu wawili hawataelewana maisha yao yote."

Nilidhani ni maneno ya kunifariji.

Siku ya kosa langu tulikuwa kisimani, kaskazini ya Habaswein, wakati wa kiangazi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Daktari Nduku, mara yake ya kwanza huku. Alileta dawa ya ugonjwa wa ndorobo, unga wa manjano ndani ya pakiti, unaochanganywa na maji safi na kudungwa kwenye msuli. Maduka ya Wajir yalikuwa yanauza pakiti hiyo hiyo. Alitaka watu waijue kabla hawajaitumia kiholela.

Ambaye hajawahi kuhutubia kisimani hajui wasikilizaji wa kweli. Kwetu msemaji hasikilizwi kwa kimya. Kila kipande cha maneno kinaitikiwa: Haye! Msemaji anatoa kipande, watu wanakipokea, anatoa kingine. Ni kama kuchota maji: mmoja chini, mmoja juu, ndoo inapita kati yao. Mkalimani mzuri anajua kukata sentensi ili kila kipande kibebeke. Nilikuwa fundi wa kukata, nami nilijivuna kwa hilo.

Daktari Nduku akasema kwa pumzi moja kwamba dawa hii, ukipima vizuri, ni harmless kwa ng'ombe, lakini kwa ngamia ni sumu, usithubutu. Nikakata pale palipoonekana pazuri. Nikasema kwa sauti ya juu, "Daktari anasema dawa hii haina madhara."

"Haye!"

Wakati huohuo zamu ikabadilika. Kisimani zamu ya maji haimngoji mtu. Watu wanne wenye ngamia waliitwa birikani, wakaondoka mbio wakiwa na kipande kile kimoja mikononi. Mimi nikaendelea: kwa ng'ombe. Haye. Lakini si kwa ngamia. Haye. Ngamia atakufa. Haye! Waliobaki walisikia yote. Niliwaona wale wanne wakishindana na wanyama wao, nikajiambia nitawaambia wakimaliza. Walipomaliza nilikuwa nakunywa maziwa. Nilipoinua macho walishakwenda.

Sasa fikirini habari zinavyotembea kwetu. Hao wanne walikutana na watu njiani, wakaulizwa habari, wakatoa yote kwa ukamilifu, kama mila inavyodai. Hawakuongeza, hawakupunguza. Dawa ya manjano, daktari amesema haina madhara. Waliosikia wakawapa wengine Wajir, na wa Wajir wakawapa waliokuwa wakienda kaskazini. Nusu ya sentensi yangu ilifika Buna bila gari na bila ruhusa yangu, nzima na safi kama ilivyotoka kinywani. Lau watu wetu wangekuwa waongo kidogo, huenda ingeharibika njiani, ikafika haiaminiki.

Miezi mitatu baadaye, nikiwa Wajir, mtu akanishika mkono sokoni. "Wewe ndiye turjubaan wa ile dawa isiyo na madhara? Kule Buna imeua ngamia. Jike, wa kitovu." Wa kitovu ni yule mnyama anayepewa mtoto siku anapozaliwa, akue naye, na uzao wake ndio uwe mwanzo wa kundi lake. Alinieleza jinsi ngamia alivyotetemeka, akatokwa na udenda, akapiga magoti kama anayepakiwa mzigo, asiinuke tena. Mimi nikasema, "La hawla." Nikanunua betri za redio, nikaondoka.

Nilimwambia Shukri tu. Hakunigombeza. Alitoa mswaki mdomoni, jambo ambalo sikuwahi kuona, akasema, "Nenda ukaimalizie sentensi yako."

"Nitakwenda mvua ikipita."

Mvua ikapita. Ikaja kazi ya Mandera, kisha kazi ya Ijara, kisha njia zikaharibika, kisha kukawa na hofu barabarani. Mimi niliyekuwa natoka nyumbani kwa sababu upepo umegeuka, nilikosa sababu ya kwenda mahali pamoja tu. Shukri hakuniuliza tena. Alikufa mwezi wa Ramadhani, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomshusha kaburini. Tangu hapo nimemtafuta kwenye sauti za watu. Nasikia mtu akicheka nyuma yangu sokoni, nageuka, si yeye.

Namtamani Shukri, sitawaficha. Nalitamani pia lile Haye. Nyinyi leo mnatuma sauti kwenye simu, na mtu anaisikiliza amelala, peke yake, anaikata katikati na kuipeleka kwa watu mia mbili. Sisemi zamani ilikuwa bora. Mimi mwenyewe nimewaonyesha zamani ilivyofanya. Lakini nilisimama mbele ya watu walioitikia kila nilichosema, na tangu nistaafu hakuna anayeniitikia ila redio inapokosa stesheni. Usiku natoa vipande vya maneno kichwani, nangoja, na hakuna anayepokea.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza nilipopata lori la vitunguu kwenye barabara ya kwenda Wajir. Dereva, Msomali ambaye kila p mdomoni mwake iligeuka b, alinifungulia mlango wa mbele.

"Unaenda wabi, mzee?"

"Buna."

"Buna! Mimi nafika Habaswein beke yake. Uko na mtu huko?"

"Niko na maneno."

Akaniangalia vizuri, labda akifikiri jua limeniingia. "Banda, banda. Maneno haina uzito, sitakulibisha."

Habaswein nilikunywa chai ya maziwa ya ngamia, nikalala kwa mtu tuliyefanya naye kazi. Kesho yake nikapata gari hadi Wajir, na siku ya tatu jingine lililokuwa likipeleka unga kaskazini. Nilikuwa na furaha ambayo niliionea haya. Kila kichaka kilinivuta. Niliwauliza wenzangu wa njiani majina ya mabonde na ya miti, nikayarudia mdomoni kama mtoto. Kisha nakumbuka ninachokwenda kusema, na furaha inakauka.

Tuliingia Buna alasiri. Nikauliza kwa Dahabo, wakanionyesha hoteli ndogo ya mabati, meza mbili na birika kubwa jeusi. Mwanamke mpana, mwenye hina kwenye vidole, alikuwa akipepeta mchele. Nilimsalimu kwa Kiborana, lugha ya kwao. Akafurahi kusikia mgeni wa Garissa akiisema kwa lafudhi ya mtoni.

"Keti, abba. Habari ya ulikotoka?"

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Yote yalinitoroka. Nikaanza kama tunavyoanza, kwa mvua na malisho, naye akaitikia kila kipande huku akipepeta. Nikafika kisimani. Nikamweleza daktari na dawa. Haye. Nikamweleza zamu. Haye. Nikamwambia kwamba mkalimani alitoa nusu ya sentensi, na nusu hiyo ikafika Buna, na kaka yake akaipokea kama mtu mwaminifu anavyopokea habari.

Ungo ukasimama.

"Na nusu ya pili?"

"Daktari alisema, lakini kwa ngamia ni sumu, usithubutu."

"Alisema siku ile ile?"

"Kwa pumzi ile ile. Mkalimani ni mimi."

Hakuitikia. Nilisikia birika likichemka. Kuku akaingia, akaokota punje za mchele miguuni pa Dahabo, naye asimfukuze. Nikaona bora niseme na lililobaki. "Mtu wa Wajir aliniambia ngamia amekufa. Nikanyamaza. Sikujua kama Alio amelaumiwa, lakini nilijua kuna mtu amelia. Nikanyamaza."

"Aliapa," alisema mwishowe, na hakuwa akiniambia mimi. "Aliapa kwamba watu wamesema haina madhara. Nikamwambia, watu gani? Niletee hata mmoja. Alizunguka visima vyote, akarudi peke yake."

"Mimi ndiye huyo mmoja."

"Umechelewa."

"Nimechelewa."

Nikasimama, nikachukua shuka langu. Nikamuuliza kama kuna mahali pa kulala mjini. Kesho, nilisema, nitakwenda kwa Alio nimwambie haya haya.

"Vyumba ninavyo," akasema. "Viwili, hapo nyuma. Lakini hutalala kwangu." Akafuta mikono yenye vumbi la mchele kwenye kanga yake. "Shahidi wa Alio hulala kwa Alio. Twende."

Alitembea mbele yangu bila kugeuka, kwa haraka kuliko nilivyoweza. Watu walituangalia tukipita. Mwanamke mmoja akamwita kwa jina, naye akazidi kukaza mwendo. Mwisho wa mji akasimama kwenye boma lililozungushiwa miiba. Hakuingia. Alishika mti wa lango.

"Alio!"

Ndani kulikuwa na mtu aliyetupa mgongo, akigonga kitu, kwato au kigingi. Mgongo ukanyooka. Mgongo ule ulikaa hivyo, hauinami wala haugeuki.

"Alio, una mgeni. Ametoka Garissa, amechoka, na ana habari yako. Atalala hapa."

"Nani anaita?" Sauti ilikuwa ya mtu anayejua jibu.

"Toa mkeka," alisema Dahabo.

Alitoka mwanaume mwenye ndevu nyeupe, mkeka umekunjwa kwapani. Aliniangalia, akamwangalia dada yake aliyekuwa bado ameshika mti wa lango, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Akautandika mkeka kivulini. Kisha akarudi ndani kuleta wa pili.